Upande Unaotazama Ziwa

Mume wangu Massoudi alikuwa na wake wawili: mimi Mwanne, na asiransi. Mimi alinioa kwa mahari na pilau. Ile nyingine aliifuata mwenyewe mjini, akaitilia sahihi, akarudi nyumbani anachekacheka kama bwana harusi. Alikuwa fundi wa magari, gereji yake iko hapo hapo kwetu Jabe, na kampuni moja ya bima ilikuwa inamletea magari yake. Ndio waliomjaza maneno. Nyumba ikiungua, tutakulipa. Paa likichukuliwa na upepo, tutakulipa.

"Baba Nura," nilimwambia, "upepo ni wa Mungu. Sasa utamshitaki Mungu kwa nani?"

"We hauelewi kitu," alisema.

Na kila wingu likisimama juu ya ziwa alinisomesha upya, mpaka nikawa nayajua mambo yale kama Fatiha. Upepo wanalipa. Vita hawalipi: risasi, guruneti, fujo za watu na watu, hayo hayamo. Paa likiharibika, usipigilie hata msumari mmoja mpaka mtu wao aje aone kwa macho yake, kwa sababu ukishatengeneza, atajuaje lilivunjwa na nini? Funika tu, mvua isizidi kuharibu. Nilimsikiliza huku nimenuna. Bujumbura, mwaka wa tisini na tano, asubuhi watu wanaokota maiti barabarani, na mume wangu anaogopa upepo!

Mi niliogopa kitu kingine. Niliogopa dari yetu.

Juu ya chumba chetu cha kulala, kati ya dari na mabati, alikuwa amelala mtu. Anaitwa Télesphore, mpangaji wetu wa chumba cha uani, muoka mikate, mrefu, mwenye haya, na kwa miaka yote aliyokaa kwetu hakuwahi kunikosea ila kwa kuamka mapema mno. Kabila lake silisemi. Mwaka ule kila mtaa ulikuwa na watu wake wa kuwinda. Kwetu waliwindwa watu wa kabila lake, na ukivuka barabara kuu waliwindwa wengine. Mke wake na watoto walikuwa wameshavuka mpaka, wako Uvira, upande wa Kongo. Yeye alichelewa kidogo tu, na bariyeri ikamfungia njia.

Ile bariyeri iliwekwa mwisho wa barabara yetu, magogo mawili na injini mbovu iliyochukuliwa gerejini kwa Massoudi bila hodi. Vijana wake walikuja kwetu mara mbili kumtafuta Télesphore. Walifungua kabati, wakachungulia mvunguni, wakapindua mpaka kikapu changu cha nguo chafu. Nikawaambia ameshakwenda zake. Juu hawakutazama, na mimi nilijikaza nisitazame juu.

Nasema kweli, sijawahi kuogopa namna ile. Alikuwa na kikohozi, maskini, kwa sababu ya vumbi la dari. Akikohoa, mi natwanga. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, asubuhi, nikatwanga mchana, mpaka majirani wakauliza kama tunaoza binti. Binti yetu Nura tulikuwa tumempeleka Kigoma kwa shangazi yake, alhamdulillahi, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu na siri yetu. Massoudi alikuwa anampandishia chakula kupitia kitundu cha dari pale sebuleni, anashusha ndoo.

Basi, Jumanne moja baada ya swala ya alasiri, ziwa likageuka jeusi.

Nilikuwa uani naanua nguo. Upepo ulikuja bila kubisha. Nilisikia mabati ya jirani yakilia, halafu yetu yakaanza kupandapanda, yanapumua, na kabla sijamaliza kusema "Subhanallah" upande wote wa mbele ukang'oka. Mabati yaliruka juu ya ukuta yakaangukia barabarani kwa mshindo. Dari ya sebule ikaporomoka, na kitundu chake, na mboriti mmoja. Vumbi lilipotulia niliona mawingu nikiwa nimesimama sebuleni kwangu.

Nikamwona na Télesphore. Si mwili mzima; niliona nyayo za miguu yake tu. Upande wa nyuma, juu ya chumba cha kulala, ulikuwa bado na mabati yake, lakini sasa ulikuwa wazi kwa mbele kama mdomo wa oveni yake. Mtu akipanda ngazi mpaka juu ya ukuta na kuinua macho, wanatazamana. Mboriti ulikuwa umemwangukia kwenye kifundo cha mguu.

"Vuta miguu!" nilimwambia. "Télesphore, vuta miguu ndani!"

"Mmoja haukubali, mama," akajibu kwa sauti ndogo. Hakulia. Mi ndiye niliyetaka kulia.

Nilikuwa bado natafuta ngazi nimshushe, nikasikia mlango wa uani unafunguliwa. Sasa mnajua desturi ya kwetu. Upepo ukichukua paa la mtu, haombi. Ni ikibiri: mtaa mzima unakuja na nyundo, wanaume wanapanda, wanawake wanapika, na kabla ya magharibi mwenye nyumba ana paa. Hata vita havikuiua desturi hiyo. Watu waliokuwa hawasalimiani tena walikuja kwangu wamebeba mabati yangu vichwani. Khaled wa dukani, ambaye babu yake alitoka Oman na mwenyewe husema maneno kumi kwa mwaka, alileta misumari mikononi. Na mbele yao wote, na nyundo kiunoni na ngazi begani, alikuja Jovithe.

Jovithe ndiye aliyekuwa mkubwa wa bariyeri. Nilimjua tangu ana kamasi. Alikuwa na adabu, huyo kijana, na ndiyo iliyonitia hofu zaidi kuliko panga lake.

"Pole, mama Nura," alisema. "Usiogope. Tutakupandishia sasa hivi, hautalala na mvua."

Akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa sebule, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Nilitazama ule mguu. Akaweka wa pili.

"Apana!" nilipiga kelele. "Shuka! Mutu asiguse! Mutu asiguse hata musumari!"

Watu wote wakasimama. Jovithe akageuza shingo.

"Mama Nura, iko nini?"

Na sijui ilitoka wapi. Wallahi sikuifikiria. Ilitoka yenyewe, kwa sauti ya Massoudi.

"Asiransi!" nikasema. "Tuna asiransi ya upepo! Ukigusa kabla mutu wao hajaona, hawalipi! Kila mwaka Baba Nura anawapelekea pesa zangu za sombe, leo wameshikwa, halafu we unataka kuwaponyesha? Shuka kwenye ngazi yangu!"

"Ngazi ni yangu," alisema Jovithe.

"Basi shuka kwenye yako!"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Alhamdulillahi kwa kicheko kile. Jovithe akashuka, lakini polepole, na alikuwa ananitazama. Massoudi aliingia wakati huo anakimbia kutoka gereji, na nilipomwona nilidhani ataharibu, lakini alinikuta kwenye dini yake. Akaanza kuwahubiria watu namna asiransi inavyofanya kazi, na mikono inapepea. Wakachoka upesi. Wakayapanga mabati uani, wakaondoka mmoja mmoja.

Jovithe alikuwa wa mwisho.

"Tangu lini mama Nura anakataa musaada?" aliuliza. Hakungoja jibu. "Sawa. Huyo mutu wenu akija, mi nitakuwepo, nataka kuona hiyo kazi. Asipokuja mpaka Ijumaa, tutapanda wenyewe. Nyumba bila paa ni aibu ya mutaa wote."

Tulikuwa tumenunua siku mbili tatu kwa ulimi wangu, na hapo ndipo tulipojifunga. Mtu wa asiransi asipokuja, Jovithe anapanda. Akija, anapanda yeye, na Jovithe chini yake.

Massoudi alifunika pale palipokuwa wazi kwa shitingi, ile plastiki ya bluu ya wakimbizi, na chini yake akauinua ule mboriti. Mguu wa Télesphore ulikuwa umevimba, haukanyagiki. Kumshusha chumbani? Vijana wangeingia wakati wowote, mvunguni walishapajua. Kumtoa nje? Usiku kuna amri ya kutotembea, mchana kuna bariyeri, na mguu ndio huo. Akabaki juu. Homa ikampanda. Nikawa namsikia meno yanagongana, na mi natwanga, natwanga majani ambayo yalishakuwa maji.

"Huyo mutu wao," nilimuuliza Massoudi, "ni mutu gani?"

"Anaitwa Monsieur Pontien. Nimemtengenezea gari miaka mingi."

"Sikuulizi gari. Moyo wake?"

Massoudi akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Siujui," alisema. "Tumwambie?"

"Ukimwambia na akawa wa upande wa Jovithe, tumekufa watatu."

"Na tusipomwambia?"

Nikarudi kwenye kinu changu. Massoudi alikwenda mjini kutoa taarifa ya upepo, na hakuwaambia lingine. Nilitaka kumwombea huyo Pontien asije kabisa, halafu nakumbuka Ijumaa, naomba aje. Mungu atakuwa alichoka na mimi wiki ile.

Alikuja Alhamisi, jua limepanda, na kamyoneti ya kampuni. Tai shingoni, viatu vinang'aa. Jovithe na vijana wanne walikuwa wamening'inia nyuma ya gari, wamemsindikiza kutoka bariyeri. Majirani wakatoka kuangalia. Mi nilimtazama yule mtu pua, nikamtazama urefu, nikajichukia kwa kutafuta kabila kwenye pua. Tulikuwa tumefika huko. Sikuona kitu, uso wa mtu wa ofisini, basi.

Aliokota bati moja uani, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari.

"Nyumba inatazama ziwa kwa upande gani?" aliuliza.

"Huu huu wa mbele," Massoudi alimrukia. "Ndio ulioondoka!"

"Ndivyo inavyokuwa. Upepo unaingia chini ya ukingo wa paa, upande unaotazama ziwa, unainua. Musumari unang'oka muzima, bati linakunjika kwenda juu. Bomu halifanyi hivyo. Bomu linatoboa, linatawanya. Upepo tunalipa, bomu hatulipi." Akarudisha bati chini. "Mpaka hapa naona upepo. Nataka kuona mbao."

Massoudi alitabasamu. Nilitaka kumpiga. Mtu yuko juu anakufa kwa homa, na yeye anatabasamu kwa sababu asiransi yake imesema kweli!

"Mbao ni zile zile tu, monsieur," nilisema. "Kuna vumbi. Utachafua tai."

"Ni lazima, mama."

Jovithe mwenyewe alimwekea ngazi. "Mi nitapanda nyuma yako, patron," alisema. "Niko na macho mazuri."

Pontien akapanda. Jovithe akapanda nyuma yake, kichwa kwenye visigino vyake. Mi nilisimama chini nimeshika ngazi kwa mikono miwili, nasoma Ayatul Kursi, naipoteza katikati, naianza tena. Pontien akafika juu ya ukuta. Akainua pindo la shitingi, akaingiza kichwa.

Kichwa kikabaki huko huko.

Nilikuwa natazama viatu vyake. Kile cha kushoto kilianza kutetemeka juu ya kipago, kidogo kidogo, na ngazi ikaanza kutetemeka nayo mikononi mwangu. Nikasema moyoni, basi, ameona. Sasa atasema. Télesphore, nisamehe. Nura mwanangu, nisamehe.

"Shuka," alisema Pontien, na kichwa kimo bado ndani.

"Nini, patron?" aliuliza Jovithe.

"Shuka. Polepole. Usitikise ngazi. Humu iko guruneti. Haijalipuka."

Mnajua watu wanavyokimbia? Jovithe hakushuka, aliruka. Vijana wake walipita mlangoni wote kwa pamoja, majirani wakamwaga ndoo, mtu akaacha kandambili zake. Hata mimi nilikimbia! Nilifika kwenye mlango wa uani ndipo nikasimama, kwa sababu nilifikiri, Mungu wangu, guruneti, na Télesphore amelala nayo kwa siku zote hizi! Niliamini kabisa. Nilitaka kurudi kumpigia kelele asigeuke.

Pontien alishuka. Jasho lilikuwa limelowanisha shati lake lote. Akasimama katikati ya uani, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Hii si upepo. Hii ni vita. Guruneti ya kwanza imerusha paa, ya pili imebaki. Kampuni hailipi vita. Poleni sana."

Akanitazama. Hapo nikaelewa. Nikashika ukuta.

Lakini Massoudi! Massoudi wangu, mcha Mungu, mwaminifu, mume mzuri, asiransi ilikuwa imeshamkaa kichwani, hakuelewa kitu.

"Apana, apana!" alisema. "Monsieur, umesema mwenyewe ni upepo! Tazama musumari, umetoka muzima! Tazama bati, limekunjika kwenda juu! Guruneti gani hiyo, hatukusikia hata mulio! Nipe ngazi, nitapanda, nitakuonesha, hakuna guruneti!"

Na Jovithe alikuwa nyuma ya ukuta wa jirani, anasikia kila neno.

Sijawahi kumpiga mume wangu, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimpiga kofi lililosikika mpaka dukani kwa Khaled.

"Nyamaza!" nilipiga kelele. "Miaka yote unalipa wezi, leo wamekuonesha! Sikukwambia? Sikukwambia mi? Guruneti iko ndani ya nyumba, we unabishana habari za musumari!" Nikamsogelea kama mtu anayetaka kuongeza la pili, na karibu na sikio nikasema, "Amemwona, mjinga we. Amemwona."

Uso wa Massoudi ulibadilika. Akashika shavu lake, akaacha kudai ngazi.

Barabara ilikuwa tupu. Pontien akamwita Jovithe kwa mbali, akamwambia atume watu kambini kwa wanajeshi waje kuitoa, na mtu asikaribie mpaka wafike. Halafu akasema anachukua mabati na mbao kadhaa zilizokaa karibu na ile guruneti, aoneshe ofisini kwamba ni vita, wasije wakasema amehongwa. Akarudisha kamyoneti nyuma mpaka ndani ya uani.

Tulifanya kazi upesi. Massoudi alipanda, akamteremsha Télesphore mgongoni. Alikuwa mwepesi, mtu aliyekuwa anabeba magunia ya unga. Nilimpa maji, akanywa nusu, nusu ikamwagika kifuani. Akalala katika kamyoneti juu ya bati, tukamfunika kwa shitingi, juu yake mbao, juu ya mbao mabati. Nilitaka kumwambia neno la maana. Nilisema, "Usikohoe."

Pontien alikuwa ameshika mlango wa gari.

"Mama," alisema, "endelea kunitukana mpaka nipite bariyeri. Usiache."

Nikamtukana. Nilitembea pembeni ya ile kamyoneti barabara nzima, kitenge kinafunguka, napiga bodi kwa kiganja. Mwizi we! Muongo! Umekula pesa za watu, utakufa na tai yako! Mabati yangu unapeleka wapi? Nirudishie mabati yangu! Na machozi yalikuwa yanatiririka, wakadhani ni ya hasira. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilisikia mabati yanagongana na nilitukana kwa sauti zaidi.

Pale bariyeri vijana walikuwa wanacheka. "Mupige, mama Nura!" Mmoja, mwenye fimbo ya chuma, akasogelea nyuma ya gari, akanyoosha ile fimbo kufunua mabati. Nikakosa tusi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakosa tusi.

"Gusa," Pontien alisema kutoka dirishani, bila kugeuka. "Yametoka kando ya guruneti. Kama umechoka kuishi, gusa."

Kijana akatazama fimbo yake. Jovithe akampigia mluzi arudi nyuma. Magogo yakasogezwa, na ile kamyoneti ikapita, ikakunja kuelekea barabara ya Gatumba, ile ya kwenda mpakani. Nilibaki nimesimama kati ya wale vijana, naonekana mwanamke aliyedhulumiwa. Jovithe akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Niliyanywa.

Wanajeshi walikuja kesho yake. Hawakukuta kitu. Wakasema guruneti imeibwa, wakawaweka vijana wa bariyeri mstarini kuwauliza ni nani aliyeiba, na Jovithe akawa anawashuku watu wake mwenyewe. Hatukucheka. Tulikuwa tumesahau kucheka kunafanywaje.

Kampuni haikulipa. Nani angelipa? Ilikuwa vita. Mtaa mzima ulipata la kusema. Nikipita sokoni: "Mama Nura, asiransi imefika?" Nikianika nguo chini ya shitingi mpya: "Mama Nura, mutu asiguse hata musumari!" Mi, ambaye watu wa Jabe wananijua kwa ulimi, nikawa nacheka nao na kupita. Niliumia. Nilikuwa najua neno moja ambalo lingewafunga midomo wote, na neno hilo lilikuwa haliwezi kusemwa. Massoudi yeye hakulitaja tena jina la asiransi. Usiku mmoja tu aliniambia, "Lakini ulikuwa upepo, Mwanne." Nikamwambia najua.

Ndipo muuza ndagala mmoja, mama wa kutoka Uvira, akaniambia wakati ananipimia samaki, bila kuinua kichwa, kwamba kule iko muoka mikate mpya, anachechemea, na anasalimia. Nilimwacha na chenji yangu, nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Jumapili iliyofuata walikuja na nyundo. Hawakuuliza. Walisema mvua kubwa zinakaribia, na asiransi tumeshaijua, sasa ni zamu ya ikibiri. Khaled alileta tena misumari, na mabati ya kuongezea, na safari hii akavua kofia yake akapanda mwenyewe. Mi nilikuwa jikoni na wanawake. Sikuogopa kitu. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ambayo sikuogopa, na niliimba.

Khaled akashuka, akaja jikoni akasimama mlangoni. Mwanaume wa Kiarabu mwenye heshima zake, jikoni kwa wanawake! Nikatoka kumsikiliza. Alikuwa ameshika kofia yake imekunjwa. Akaifungua kidogo nione ndani. Ilikuwa rozari, ya shanga nyeusi, na kikombe changu kimoja cha bati nilichokuwa nimekitafuta.

Hofu ilinirudia yote kwa mara moja. Rozari, juu ya dari ya nyumba ya Waislamu.

"Panya wenu, mama Nura," alisema Khaled taratibu. "Wanasali rozari?"

Nilikuwa natazama nyuma yake, pale Jovithe alipokuwa juu ya paa langu, misumari mdomoni, anapigilia bati, na mvumo wa nyundo ulikuwa unaingia mpaka kwenye meno yangu.

Khaled akaikunja kofia, akaniwekea mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake. Kimya kingi kina mshindo, wanasema.

"Na mi niko na asiransi," alisema. "Ya stoo, kampuni hiyo hiyo. Tangu marehemu baba. Hatujawahi kuitumia." Akasogea karibu. "Stoo yangu iko na dari, mama Nura. Wako watatu. Mmoja ni mutoto, sasa ameanza kulia mchana. Yule mutu wa kampuni... nikimwita, atakuja?"

"Upepo haukukugusa," nilisema. "Watu wanajua haukukugusa."

"Mvua zinakuja. Upepo utakuja nazo. Siku hiyo hiyo, watu wakiwa wamejifungia, paa nitaling'oa mwenyewe."

Juu, Jovithe alimaliza bati, akapangusa jasho, akaniona. Akaniinulia nyundo kwa furaha, kama mtoto anayeonesha kazi yake. Nikamwinulia mkono. Nikamshukuru kwa sauti, nikamwombea dua, nikamwambia ubwabwa unakaribia kuiva.

Halafu nikaficha rozari kwenye kitenge, nikamgeukia Khaled.

"Usitoboe," nilimwambia. "Unainua kutoka chini, musumari utoke muzima, bati likunjike kwenda juu. Sasa niambie. Stoo yako, upande gani unatazama ziwa?"